Mwandishi wa kitabu cha kwanza na mzigo ambao hakuambiwa

Mwezi Septemba 2023, kampuni ya Amazon ilitangaza kwamba watu wanaojichapishia vitabu kupitia huduma yake ya Kindle Direct Publishing hawataruhusiwa tena kuingiza zaidi ya vitabu vitatu vipya kwa siku moja. Miezi saba kabla ya hapo, jarida la hadithi za kubuni za kisayansi la Clarkesworld lilikuwa limesitisha kwa muda kupokea hadithi, baada ya kufurikiwa na kazi zilizotungwa na akili mnemba. Tangu wakati huo mazungumzo mengi yamekuwa juu ya mashine na iwapo zitamnyang'anya mwandishi kalamu yake. Swali hilo lina uzito, na wanaoliuliza wana haki ya kuliuliza. Hata hivyo, limefunika jambo jingine linalomgusa kwa karibu zaidi mtu anayehangaika na kitabu chake cha kwanza. Inapobidi mtu mmoja awekewe kikomo cha vitabu vitatu kwa siku, ni dhahiri kwamba kukifikisha kitabu sokoni kumeacha kuwa kazi ngumu. Kwa miaka mingi tuliaminishwa kwamba huo ndio uliokuwa ugumu wenyewe, kwamba kilichomzuia mwandishi mpya kilikuwa mlango wa mchapishaji. Mlango huo sasa uko wazi, na bado waandishi wapya ninaokutana nao wamechoka na wamevunjika moyo kuliko nilivyotarajia.

Hoja yangu ni kwamba tumeuelewa vibaya ugumu wa kuwa mwandishi kwa mara ya kwanza, na kwa sababu hiyo tumeyaelewa vibaya hata malipo yake. Mchapishaji alikuwa na kazi mbili kubwa: kuikataa miswada mingi, na kuisumbukia michache aliyoikubali. Kazi ya kwanza iliwaumiza watu, ndiyo maana inakumbukwa. Ya pili ilifanyika kimyakimya kwa kalamu nyekundu na barua ndefu, na msomaji wa kawaida hakuiona kamwe. Teknolojia imeifuta ile ya kwanza tukaishangilia, na tulikuwa na sababu ya kushangilia. Ile ya pili ingali inahitajika vilevile, ila sasa imehamia mabegani mwa mwandishi ambaye mara nyingi hajui hata kama ipo.

Ili hoja hii ieleweke, ni vizuri kukumbuka jinsi utaratibu wa zamani unavyokwenda, kwa kuwa bado upo. Mwandishi huwasilisha mswada, na akikubaliwa hutia saini mkataba. Wachapishaji wengine hutoa malipo ya awali, ambayo hukatwa kwenye mrabaha wa baadaye, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, na mrabaha wa kitabu cha karatasi kwa kawaida hucheza kati ya asilimia 7 na 15 kulingana na aina ya kitabu na mkataba wenyewe. Baada ya hapo mswada hupita mikononi mwa watu kadhaa. Yupo anayehariri muundo, yaani anayeuliza kama kitabu kimeanzia mahali panapofaa na kama sura ya nne inahitajika. Yupo anayehariri lugha, sentensi kwa sentensi. Na yupo msoma prufu ambaye kazi yake ni kukamata makosa yaliyosalia wakati kurasa zimekwisha kupangwa. Kuanzia saini hadi kitabu kuwa rafuni hupita mwaka mmoja hadi miwili. Mwaka 2007 Amazon ilipoleta Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, pamoja na huduma ya kujichapishia, safari hiyo iliweza kufupishwa ikawa ya siku chache, na fungu la mwandishi kwenye kitabu cha kielektroniki likapanda hadi asilimia 35 ya bei, na tangu mwaka 2010 hadi 70 kwa baadhi ya vitabu. Ukiyaweka mahesabu haya mawili kando kwa kando, utaona kwa nini wengi waliamua kwamba mchapishaji ni dalali tu. Kinachokosekana kwenye mahesabu hayo ni wale watu watatu. Asilimia iliyokuwa ikibaki kwa mchapishaji iliwalipa wao pia, na asilimia 70 inayomfikia mwandishi leo inamfikia yeye na kazi yao yote ikiwa haijafanywa.

Wanaoutetea uhuru wa kujichapishia wana hoja nzito, na sina nia ya kuikwepa. Wachapishaji walikosea, tena walikosea vibaya. Mwaka 1913 mwandishi Mfaransa Marcel Proust alilazimika kugharamia mwenyewe uchapishaji wa buku la kwanza la riwaya yake ndefu baada ya kukataliwa, na miongoni mwa waliomkataa alikuwamo mwandishi mwenzake mashuhuri, André Gide, ambaye mwaka uliofuata alimwandikia barua ya kukiri kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa kubwa. Ikiwa mtu wa kimo cha Gide aliweza kupishana na kazi ya aina hiyo, ni wangapi wasiokuwa na fedha za Proust waliopotea moja kwa moja? Zaidi ya makosa ya mtu mmoja mmoja, kulikuwa na upofu wa mfumo mzima: wachapishaji walichagua kwa kuangalia lugha gani inauzika, mwandishi anatoka wapi, anafahamiana na nani. Ninaamini kabisa kwamba mlango ule ulistahili kufunguliwa, na anayetaka urudishwe kama ulivyokuwa amesahau waliobaki nje.

Lakini tazama walichokifanya wale waliojichapishia zamani na kazi zao zikadumu. Mshairi wa Marekani Walt Whitman alitoa kitabu chake cha mashairi kwa gharama zake mwaka 1855, na baadhi ya kurasa alizipanga herufi kwa mikono yake mwenyewe. Toleo lile lilikuwa na mashairi 12. Hakukiacha kitabu hicho kipumzike. Alikirudia, akaongeza, akapunguza, akapanga upya, toleo baada ya toleo, hadi mwaka 1892 alipofariki, kikiwa na mamia ya mashairi. Whitman alimkwepa mchapishaji, lakini kazi ya mhariri aliifanya maisha yake yote. Mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba mwandishi hahitaji mtu, ilhali maisha yake yanatuonyesha ukubwa wa kazi inayomwangukia anayeamua kuwa peke yake.

Na yaliyokuwa yakitendeka nyuma ya ule mlango ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwandishi wa Marekani Harper Lee aliwasilisha mswada kwa kampuni ya J. B. Lippincott mwaka 1957, ukamwangukia mhariri Tay Hohoff. Hohoff aliona cheche ndani yake, lakini hakuona kitabu. Kwa zaidi ya miaka miwili wawili hao walifanya kazi: masimulizi yakarudishwa nyuma hadi utotoni mwa mhusika mkuu, matukio yaliyokuwa kumbukumbu za kupita yakawa ndiyo kisa chenyewe. Kitabu kilipotoka mwaka 1960, kwa jina To Kill a Mockingbird, kilikuwa kitu kingine kabisa, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer. Kwa kawaida hatungekuwa na njia ya kujua kilichobadilika, kwa kuwa miswada ya awali hufichwa au huchomwa. Mwaka 2015, hata hivyo, mswada ule wa kwanza ulichapishwa kama kitabu kinachojitegemea, na yeyote anaweza kuvisoma vyote viwili. Mtu ni yuleyule, mji ni uleule, kipaji ni kilekile. Tofauti iliyopo ndiyo kazi ya mhariri, na ni mara chache mno dunia imepewa nafasi ya kuiona kazi hiyo waziwazi namna hiyo. Laiti Lee angekuwa na kitufe cha kuchapisha mwaka 1957, huenda angekibonyeza kwa nia njema kabisa, na huenda tusingemjua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Chinua Achebe, kwa kuwa ndani yake mwandishi mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali. Alipokuwa kwenye mafunzo ya utangazaji ya BBC jijini London, alimwonyesha mswada wake mmoja wa wakufunzi, Gilbert Phelps, ambaye alifurahi akataka kuupeleka kwa wachapishaji. Achebe alikataa. Alisema bado unahitaji kazi. Mswada ule ulikuwa umebeba kisa cha ukoo mmoja kwa vizazi kadhaa. Aliporudi Nigeria aliuvunja, akabaki na kisa cha babu peke yake, akakijenga upya kwa undani. Kitabu kilitoka mwaka 1958, na kisa cha mjukuu kikaja kuwa kitabu kingine mwaka 1960. Kijana wa miaka ya ishirini na kitu, hajawahi kuchapisha kitabu, mlango umefunguliwa mbele yake na mtu mwenye uzoefu, naye anasema subirini. Uamuzi huo ndio anaotakiwa kuufanya kila mwandishi mpya leo, tena bila Phelps wala mtu yeyote wa kumuuliza, akiwa ameketi mbele ya skrini inayomwambia kwamba kitabu chake kitakuwa hewani ndani ya saa 72.

Hoja ya pili ya upande wa pili ni kwamba msomaji ndiye mhariri bora: chapisha, wasomaji watasema, kizuri kitapanda na kibaya kitazama. Hoja hii ina ushahidi wake. Andy Weir aliiweka riwaya yake ya mwanaanga aliyeachwa kwenye sayari ya Mirihi sura kwa sura katika tovuti yake, na wasomaji, wakiwamo watu wa kemia na fizikia, wakamsahihisha hesabu na sayansi yake kadiri alivyokwenda. Mwaka 2011 akaiweka kwenye Kindle kwa senti 99 za dola, mwaka 2014 mchapishaji mkubwa akaitoa upya, na mwaka 2015 ikawa filamu. Ni njia halali na ninaipendekeza kwa wanaoiweza. Lakini tuitazame vizuri. Weir alikuwa na wasomaji waliokuwa wakimfuata kabla ya riwaya hiyo, na alisahihishwa kitabu kikiwa bado kinaandikwa, kabla hakijauzwa. Mwandishi anayepakia kitabu kilichokamilika kwa wageni hapati kitu hicho. Msomaji asiyekujua akikutana na makosa ukurasa wa pili hakuandikii barua. Anafunga kitabu na kwenda zake. Soko linaweza kukiadhibu kitabu, ila halimwambii mwandishi amekosea wapi, na mara nyingi adhabu yenyewe huja kwa sura ya ukimya ambao mwandishi hawezi kuutofautisha na bahati mbaya. Nimeona watu wakiacha kuandika kwa sababu ya ukimya huo, na wapo ambao nina hakika walihitaji msomaji mmoja tu mkweli miezi sita mapema.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosambaa kwa kasi, ni kwamba pengo la mhariri sasa litazibwa na programu. Ni kweli kwamba programu hukamata tahajia, hurekebisha alama za uandishi, na huonyesha neno lililorudiwa mara tatu katika aya moja. Atumie anayetaka, ni msaada. Kosa ni kudhani kwamba huo ndio uhariri. Niliwahi kusoma mswada wa mzee mmoja mstaafu aliyeandika maisha yake. Sura ya kwanza yote ilikuwa nasaba: fulani alimzaa fulani, wakahamia kule, wakaishi hivi. Sentensi zake zilikuwa safi, na hakuna programu ambayo ingezipigia mstari. Katikati ya sura ya tatu, ndani ya nusu aya, alitaja kwamba aliwahi kufukuzwa kazi kwa kosa la mwenzake, akakaa mwaka mzima akitoka nyumbani kila asubuhi akiwa amevaa kama mtu anayekwenda ofisini, ili watoto wasijue. Kisha akaendelea na habari nyingine. Nilimuuliza kwa nini amelipitia jambo hilo haraka namna ile. Alinyamaza kidogo, akasema hakudhani lina umuhimu kwa mtu mwingine. Kitabu chake kilikuwa pale, na yeye alikuwa akikizunguka. Swali kama lile huulizwa na mtu ambaye amesoma, ameguswa mahali pamoja na amechoshwa mahali pengine, na yuko tayari kukuambia yote mawili usoni. Programu haichoshwi na sura ya nasaba. Ukiiuliza kama mswada wako ni mzuri, mara nyingi itakusifu, na sifa ya bure ni hatari kubwa kwa mtu anayeandika kwa mara ya kwanza, kwa kuwa humnyima ile shaka iliyomfanya Achebe aseme bado.

Kuhama kwa kazi hii kumezaa pia biashara ambayo mwandishi mpya anapaswa kuijua. Zipo kampuni zinazojiita wachapishaji lakini mteja wao ni mwandishi mwenyewe: hulipwa kwanza, na zikishalipwa hazina sababu kubwa ya kujali kama kitabu kitauzwa. Barua yao huja na sifa tele ndani ya siku chache baada ya kupokea mswada, muda ambao hautoshi hata kuusoma. Kumlipa mhariri au msanifu wa jalada kwa kazi inayojulikana, kwa bei iliyoandikwa, ni jambo la heshima. Kumlipa mtu ili akukubali ni jambo jingine, na mkataba wake usisainiwe kabla ya kuangalia nani atabaki na hakimiliki, kwa muda gani, na lini haki hizo zitarudi kwako. Wengi hawajui kwamba chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, bila kusajiliwa popote katika nchi wanachama; kwa hiyo anayekuuzia hakimiliki yako mwenyewe kama zawadi ndani ya kifurushi anakuuzia kilicho chako.

Sasa malipo. Hapa pia tumedanganyana, na wanaodanganywa zaidi ni wale wa mara ya kwanza. Utafiti wa mwaka 2022 uliofanywa kwa ajili ya ALCS, chama kinachokusanya mapato ya waandishi nchini Uingereza, ulionyesha kwamba mwandishi ambaye kuandika ndiyo kazi yake kuu alipata kipato cha wastani wa kati cha pauni 7,000 kwa mwaka, kutoka pauni 12,330 mwaka 2006. Hao ni watu wa kazi hiyo, katika nchi yenye soko kubwa la vitabu. Anayeingia na kitabu kimoja akitarajia kuacha ajira ameambiwa jambo lisilo kweli. Ninalisema hili bila nia ya kumkatisha mtu tamaa. Nalisema kwa sababu anayeandika akitazama fedha peke yake ataharakisha mahali pasipostahili haraka, na ataona ameshindwa hata pale alipofanikiwa.

Malipo ya kweli ninayoyaona kwa watu waliokamilisha kitabu cha kwanza ni ya namna nyingine. La kwanza ni kwamba wanalijua jambo lao kuliko walivyolijua walipoanza. Mtu aliyebeba wazo kichwani miaka kumi hudhani analifahamu. Akilazimika kuliandika kwa kurasa 200 hugundua mapengo, hupingana na nafsi yake, hubadili msimamo katika sura ya saba na kulazimika kurudi kuiandika upya ya pili. Mabadiliko hayo hubaki hata kama kitabu kitauza nakala chache. La pili ni msomaji asiyemjua kabisa ambaye amemwelewa, pengine zaidi ya ndugu zake walivyomwelewa. Na la tatu, ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kitabu cha pili. Abdulrazak Gurnah alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimfikia mwaka 2021, miaka 34 baadaye, na katikati kulikuwa na kitabu baada ya kitabu. Kitabu cha kwanza kilichofanyiwa kazi kwa uaminifu humfundisha mwandishi namna ya kufanya kazi, na elimu hiyo haipatikani kwa kuruka hatua. Aliyeruka uhariri amepata jalada lenye jina lake, lakini amekosa mafunzo, na ataanza kitabu cha pili akiwa palepale alipokuwa.

Ikiwa haya ni kweli, basi yapo mambo yanayofuata. Mwandishi mpya anayepanga bajeti ya fedha au ya muda aanze na uhariri, jalada na matangazo vifuate; na kama hana uwezo wa kumlipa mhariri, atafute watu wawili au watatu wanaosoma sana, wasiokuwa na deni la wema kwake, awaulize mahali walipochoka, asiwaulize kama wamependa. Auweke mswada kando mpaka atakapoweza kuusoma kama mgeni. Aisome kila sura kwa sauti, kwa kuwa ulimi hujikwaa mahali ambapo jicho linapita. Wachapishaji nao wana la kujibu: wapo waliopunguza wahariri wao na kuwasukumia waandishi kazi ya kuhariri na kujitangaza, huku fungu lao la mapato likibaki vilevile, na mchapishaji wa namna hiyo ameitupa sababu pekee iliyokuwa ikimtofautisha na kitufe. Lakini jukumu ninalolitazama kwa matumaini zaidi ni la sisi tunaosoma. Vikundi vya usomaji, maktaba, walimu wa lugha na waandishi waliokwisha kutangulia wanaweza kuifanya kazi ya Hohoff kwa kiwango kidogo, bila kuurudisha ule mlango uliowaacha wengi nje: kupokea mswada kabla haujachapwa, kuusoma wote, na kuurudisha ukiwa na maswali yaliyoandikwa pembezoni kwa penseli.